Mamluki wa Fainali

IJUMAA, ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, Kibiti mjini. Kelele za mashine zilimeza kila neno. Kocha Muhidini wa Chuo cha Bondeni alitia komeo, akageuka.

"Wakati wa swala ofisi ya ligi haina mtu. Mnaingia, mnabeba mashine ya vidole, mnatoka. Pikipiki mpaka Nyamisati. Boti mpaka Kiongoroni. Ikae huko hadi fainali ipite."

"Mashine ikikosekana?" Bwanaheri aliuliza. Jibu alilijua. Alitaka kulisikia tena.

"Kanuni inasema vitumike vitambulisho vya picha. Hivyo niachieni mimi."

Bwanaheri alikuwa mwizi wa injini za boti. Lakini misimu mingi alikuwa pia mshambuliaji wa Chuo cha Bondeni, chuo ambacho hakuwahi kukaa darasani mwake hata siku moja. Mamluki. Watu walijua, wakanyamaza, maana alifunga. Msimu huu ligi ya vyuo ilibadili kanuni: kila mchezaji aweke kidole kwenye mashine kabla ya mechi. Mashine ilimkataa Bwanaheri mbele ya uwanja mzima. Ikamkataa na Mudathiri, swahiba wake uwanjani na kwenye wizi.

Jezi akapewa Tahiri, mwanafunzi wa kweli, mwembamba kama ufito. Tahiri akafunga. Akafunga tena. Sasa watoto wa Kibiti wakicheza chandimu waligombania kuitwa Tahiri. Jina hilo lilimkaa Bwanaheri kooni kama mwiba wa samaki.

"Kesho nacheza mimi," alisema. "Yule dogo akae benchi."

"Neno langu hilo," alijibu Muhidini. "Fainali siwezi kumwachia mtoto."

Mudathiri aliinama. Alikuwa akifunga kamba za viatu.

IJUMAA, WAKATI WA SWALA

Kufuli lilikubali nondo. Ofisi haikuwa tupu. Mlinzi, Mzee Shaban, alikuwa ananyoosha mguu mbovu kwenye mkeka.

"Nyie kina nani?"

Mudathiri alimpiga ubapa wa panga. Mzee alianguka, damu ikamchuruzika shavuni.

"Tulisema hakuna damu!"

"Kaniona sura. Beba mzigo."

Mashine ilikuwa mezani, haizidi tofali. Bwanaheri aliikwapua. Ndipo akaiona picha ukutani: Tahiri kabebwa juu juu, mfungaji bora wa msimu, anacheka. Akasimama. Akaibandua, akaichana. Vipande akavichana tena.

"Oya!" Mudathiri alimvuta shati. "Unatutia msala kwa ajili ya karatasi?"

Chini, mzee aligumia. Wakaruka nje.

IJUMAA, MAJI YAKIPWA

Boti ilikwama kwenye tope, katikati ya mikoko. Bwanaheri alikuwa ameshika injini.

"Shuka usukume."

Mudathiri aliweka simu yake juu ya ubao, akashuka. Tope likamfika magotini. Aliegemeza bega, akasukuma. Boti ikateleza, ikaingia kwenye maji ya kina. Simu ikaita. Bwanaheri aliipokea, akanyamaza.

"Mudathiri," ilikuwa sauti ya kocha. "Ukishamtelekeza huko Kiongoroni, rudi na boti leo leo. Kesho unacheza wewe. Mwenzako kashajichokea, mzito, hana mbio tena. Umenisikia?"

Bwanaheri alikata simu. Mudathiri alikuwa anajivuta kwenye tope, mkono kaunyoosha.

"Nani huyo?"

"Kesho anacheza nani?"

Mudathiri alimtazama. Mkono ukashuka. "Bwanaheri, kaka, nisikilize. Kila mwaka mipira yote ulitaka wewe. Mimi nilikutengea tu. Nilikutengea mpaka nikazeeka."

"Ungeniambia."

"Ungenipisha?"

Bwanaheri alivuta kamba ya injini.

"Maji yatarudi! Bwanaheri! Usinifanyie hivyo!"

Hakugeuka. Mbele kidogo aliitupa simu majini, na mashine akaitupa pia.

JUMAMOSI, ALASIRI

Muhidini alipomwona Bwanaheri anaingia uwanjani peke yake, alimwendea mbio.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Nipe jezi."

Kocha alitoa jezi, pamoja na kitambulisho cha kughushi. Wapinzani, Chuo cha Kilimani, walipiga kelele. Refa alisema malalamiko ni baada ya mechi. Tahiri alikaa benchi, mikono mapajani.

Msimu mzima bila mechi haujifichi. Kila pasi ilimpita Bwanaheri. Kifua kilimwaka. Kipindi cha pili jukwaa likaanza kuimba, kwanza upande mmoja, kisha lote: "Ta-hi-ri! Ta-hi-ri!"

Ubao wa kubadilisha ukainuliwa. Namba yake.

Hapo palikuwa na kanuni nyingine mpya: anayetoka atoke haraka, akijivuta, mbadala wake anazuiwa nje dakika nzima. Bwanaheri aliijua. Akainama, akafunga kamba iliyokwisha kufungwa. Akatembea. Akasimama kupangusa jasho. Tahiri alikuwa kwenye mstari, anaruka ruka.

"Kaka Bwanaheri, tafadhali! Fanya haraka!"

Akazidi kupunguza mwendo.

Alipovuka mstari, refa akamzuia Tahiri. Bondeni wakabaki pungufu. Kilimani wakapitia pale pale palipokuwa wazi, wakafunga.

Nje ya mstari Bwanaheri aliinua kichwa, akawaona askari. Nyuma yao alisimama Mudathiri, tope hadi kifuani, kafungwa pingu. Wakata mikoko wa Kiongoroni walikuwa wamemwopoa juu ya mti. Muhidini alijaribu kutoka kwa mlango wa nyuma. Huko nako alikuta askari.

Bwanaheri na Mudathiri waliwekwa kwenye gari nje ya ukuta wa uwanja, pingu moja, mkono wa huyu kwa wa yule.

"Mzee Shaban kafa?" Bwanaheri aliuliza.

"Yu hai. Ndiye aliyenitambua."

Kisha ukuta ukatetemeka kwa kishindo, bao, na sauti zote zikaita jina moja. Kikaja kishindo cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, na jina lile lile.

Bwanaheri aliinua mikono azibe masikio. Pingu ikakaza. Mudathiri aliurudisha mkono wake chini, akaushikilia.

"Acha," alisema. "Sikiliza."