Kiti Cheusi Chini ya Ngazi

Odera alikuwa amechora viti viwili vya makarani. Kompyuta ikamwambia vitatu.

Ilikuwa slaidi ya ramani ya ofisi yao mpya ya kusafirisha kontena, ya kuonyeshwa wageni saa kumi. Ili asiguse umbo mojamoja, alikuwa ameandika makro, amri fupi ya kompyuta: kila umbo ambalo jina lake linaanza na "Karani" lichaguliwe, lipakwe buluu, kisha yote yafungwe kuwa kundi moja. Ukisogeza moja, yote yanasogea. Makarani walikuwa wawili tu, yeye na Mercy. Umbo la tatu lilikuwa mraba mdogo chini ya ngazi.

Na kweli chini ya ngazi palikuwa na kiti, cha mti mweusi, kikuukuu. Nyumba yenye ofisi hiyo, katika barabara ya Ndia Kuu, ilikuwa ya Nana, bibi aliyeishi ghorofani, na alipowakodishia chini alitaka jambo moja. "Kiti kile kina mwenyewe. Msikikalie, wala msikitie katika hesabu ya vyenu." Kila Alhamisi alishuka na chetezo, akakifukiza ubani, akapanda zake. Odera, mtu wa bara, hakumcheka. Aliona kila nyumba ina adabu yake, kisha akasahau.

"Odera, hiyo slaidi unaichora au unaijenga kwa mawe?" Bramwel, mkubwa wao, aliuliza akitoka kwenda kuwapokea wageni.

"Dakika mbili, mkubwa."

"Zilezile za asubuhi?" Mercy akadakia, akacheka.

Odera aliufuta mraba, akaendesha makro upya. Vitatu. Akaufuta tena. Vitatu. Basi akajiambia, si kiti kipo kweli? Wacha kionekane. Akaruhusu kundi lifungwe.

Harufu ya ubani ikajaa ofisini, na haikuwa Alhamisi.

"Kaka Odera, mimi naenda," Mercy alisema, akichukua mkoba. "Mtoto hajanyonya tangu saa tano." Mwanawe wa miezi mitano alikuwa Tononoka kwa jirani.

Alipiga hatua kuelekea mlangoni. Kiti cha Odera chenye magurudumu kikateleza naye juu yake, hatua ileile, upande uleule. Nyuma yao kitu kizito kilikwaruza sakafu.

Mercy akasimama. Kila kitu kikasimama.

"Usinichezee, kaka."

"Sijagusa kitu."

Alipiga hatua nyingine, na nyingine, sasa kwa haraka, na kiti cheusi kikamfuata kwa umbali usiopungua wala kuzidi, kikiburuza miguu yake mikavu juu ya saruji, mpaka kikagonga kabati la chuma na kukwama hapo, na papo hapo Mercy naye akakwama, unyayo mmoja juu ya kizingiti, mikono imeshika miimo ya mlango, jasho likimtiririka wakati jua la alasiri na watu wa Ndia Kuu walikuwa hatua moja tu mbele yake.

"Kuna mtu amenishika kiunoni," alinong'ona. "Mkono wake baridi. Odera, maziwa yananitoka. Mwanangu analia, nahisi."

Nana alikuwa ameshuka nusu ya ngazi, bila viatu.

"Nani amemhesabu?"

Odera alionyesha kompyuta.

"Mfungue kwa mkono uliofunga."

Aliligawanya kundi. Likajifunga. Akaligawanya tena. Likajifunga tena, buluu yake imezidi kukolea. Mercy akapiga ukelele mdogo, kama mtu aliyekazwa kamba.

"Nana, halifunguki!"

"Keshahesabiwa pamoja na watu, mwanangu," Nana alisema kwa upole. "Hatarudi kuwa peke yake."

Odera alitazama ile miraba mitatu. Kisha akautazama mgongo wa Mercy, na madoa mawili ya maziwa yaliyokuwa yakitambaa ubavuni mwa gauni lake. Akavunja kundi kwa mara ya tatu, na kabla halijajifunga akachagua miraba miwili kwa mkono, wake na ule wa chini ya ngazi, akaifunga pamoja.

Mara hii lilitulia.

Mercy aliangukia barabarani kwa magoti, akainuka, akakimbia bila kugeuka. Odera hakumlaumu. Alingoja mpaka vishindo vya viatu vyake vikapotea, ndipo akainuka polepole na kupiga hatua moja kurudi nyuma, mbali na mlango.

Kiti cheusi kikaachana na kabati, kikarudi hatua moja.

Alhamisi iliyofuata Nana alishuka na vyetezo viwili.