Aliyekuja na Mvinyo wa Mlimani

Siku Garama alipomwona mkewe akitoka stoo amejifunga leso mbili mabegani, alidhani homa imemshika. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma na jua linachoma mpaka mchanga wa njiani haukanyagiki bila viatu. Dama alisimama kwenye baraza ya jikoni, midomo imempauka, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo tangu alfajiri.

"Una nini, Mama Thoya?"

"Mle ndani mna baridi," alisema. Hakulalamika. Alisema tu, kama anayesema ukuta una rangi nyeupe.

Garama aliingia kutazama. Stoo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, hakina dirisha, na zamani waliweka humo mashuka na magodoro ya wageni. Sasa ilijaa maboksi ya mvinyo mpaka kifuani. Kiyoyozi hakikuwemo, hata pangaboi. Lakini alipovuka kizingiti ubaridi ulimpanda miguuni, na puani ikamjia harufu ya udongo uliolowa mvua, udongo mzito, si huu wetu wa pwani. Aliinama akaipapasa sakafu. Ilikuwa kavu.

Wawili hawa walikuwa waangalizi wa nyumba ya kupangisha wageni huko Tiwi, mali ya bwana mmoja wa Nairobi aitwaye Samuel. Garama alitunza bustani, Dama alipika wageni walipokuwepo. Kwao ni bara, upande wa Kinango, na mtoto wao alikuwa mmoja tu, Thoya, dereva wa bodaboda. Mwaka uliopita lori lilimgonga kwenye barabara ya Lunga Lunga. Walimzika, wakapokea rambirambi, wakarudi kazini. Dama alikuwa akilia kila siku akikata vitunguu, na siku ambazo hakukuwa na vitunguu alilia vivyo hivyo. Garama hakulia. Yeye ndiye aliyeitwa mochwari kumtambua mtoto, na aliyoyaona kule hakumwambia mtu. Aliyafungia ndani, akashika jembe.

Mvinyo uliletwa na Samuel mwenyewe, Januari. Yeye na wenzake walikuwa wamenunua shamba la mizabibu juu mlimani, huko bara, na sasa walitaka kuuza kwenye mahoteli ya Diani. Jioni ile alifungua chupa moja, akamimina, akainua glasi kwenye mwanga.

"Mzee Garama, hii si waini ya supermarket. Hii ni mchanganyiko. Zabibu aina tatu. Moja inaleta rangi, moja harufu, ya tatu ndiyo inaipa nguvu. Ukionja huwezi kujua ipi ni ipi." Akacheka. "Wazee wa huko walituambia tusipande ile sehemu ya juu, eti ina wenyewe. Na ndiyo imezaa kushinda zote!"

Garama aliitikia kwa adabu. Samuel akarudi Nairobi, maboksi yakabaki.

Baada ya ile siku ya leso, ikaanza habari ya glasi. Dama alikuwa akifungua stoo asubuhi akaikuta juu ya boksi, imemiminwa nusu, nyekundu iliyokaribia weusi. Garama alizikagua chupa zote. Vizibo vilikuwa mahali pake, na lakiri yake haijaguswa. Mara ya kwanza Dama alimwaga nje. Mara ya pili pia. Kisha asubuhi moja Garama akaona midomo ya mkewe ina rangi ya zambarau.

"Umekunywa?"

"Kidogo."

"Wewe, Dama? Toka lini?"

"Nilikuwa nimeandaliwa," alijibu, akaendelea kukata vitunguu. Macho yake yalikuwa makavu.

Garama, tusimlaumu, alishukuru kwanza. Nyumba ilitulia. Hakukuwa tena na kile kilio cha chini chini jikoni kilichokuwa kikimfukuza kwenda kufyeka nyasi zisizohitaji kufyekwa. Wiki ile alilala. Lakini siku moja akaona ukutani alama nyeupe ya mraba palipokuwa pametundikwa picha ya Thoya, na picha yenyewe akaikuta imetandikwa chini ya sufuria, masizi yamefunika uso.

"Mbona umefanya hivi?"

Dama aliitazama. "Nilihitaji kitu cha kuwekea sufuria. Huyu ni nani?"

Alidhani ni hasira ya msiba, watu huwa nayo. Akaisafisha picha kwa shati lake, akaificha. Siku iliyofuata akaja Mapenzi, jirani yao anayeuza samaki, akapiga hodi kama kawaida: "Hodi, Mama Thoya! Leo nina changu wazuri!" Dama alikuwa ameketi barazani, hatua chache tu, na hakugeuka. Mapenzi aliita tena, na tena, mpaka alipomwita kwa jina lake la usichana ndipo akainua kichwa.

Mapenzi alipokwenda zake, Dama alimuuliza mumewe kwa sauti ya upole, "Yule mama alikuwa akimwita nani?"

Hapo ndipo Garama alipoacha kudhani ni hasira ya msiba. Haikuwa hofu bado. Ilikuwa kama mtu anayejaribu kufungua mlango kutoka upande wa pili.

Mchana wa siku hiyo, jua la utosi, saa ambayo hata kunguru hunyamaza, alikuwa akipogoa maua ya ukutani aliposikia Dama anacheka. Kicheko kilitoka stoo, kicheko cha chini, cha mama anayetaniwa na mwanawe, na kilipokwisha ikafuata sauti ya kijana, na Garama akasimama na mkasi mkononi kwa sababu sauti ile ilikuwa inavuta maneno mwishoni, jinsi Thoya alivyokuwa akivuta alipotaka kuongezewa chakula, naam, ilikuwa yake hasa, na chini ya sauti ile, ukitega sikio, mlikuwa na nyingine, mzee anayekohoa, mwanamke wa bara anayebembeleza mtoto kwa lugha ambayo Garama hakuijua, kitoto kinachohesabu na kukosea na kuanza upya, zote zimeingiliana, zimemiminwa pamoja, mpaka usijue ipi inaanzia wapi na ipi inakwisha, ila kila moja ilikuwa ya mtu aliyekufa, hilo alilijua bila kuambiwa. Akasukuma mlango.

Dama alikuwa ameketi peke yake juu ya boksi, glasi mkononi. Pumzi yake ilitoka kama moshi. Alimtazama mumewe wa miaka yote ile kwa heshima, kama mgeni aliyeshuka kwenye teksi.

"Karibu," alisema. "Unamtafuta nani?"

Garama hakungoja. Alipanda gari mpaka Msambweni kwa Bi Twaiba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeuza mahamri asubuhi karibu na soko na baadaye akawashughulikia watu wenye mashetani. Alimkuta anaosha karai la mafuta.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Sura yako haina damu."

Alimweleza yote. Bi Twaiba alisikiliza huku anasugua, na Garama alipofika kwenye zile sauti, mkono wake ukasimama.

"Huyo ni jini wa milimani," alisema polepole. "Hataki ubani wala kuku mweusi. Yeye hula uchungu. Huanza na machozi. Yakiisha humla yule anayeliliwa, jina, sura, mpaka sauti anaitia katika zake. Akimaliza, humgeukia yule aliyemfanya nyumba yake."

"Mbona hakuniingia mimi? Na mimi ni mzazi."

"Wewe umejifunga. Mkeo alikuwa wazi." Akamtazama. "Kumtoa kunawezekana. Lakini uchungu utamrudia wote kwa mpigo, kama siku ile ya kwanza. Na yeye hawezi kuutaka, maana ameshautoa. Sharti arudishiwe na mwingine mwenye uchungu huohuo, autoe wa kwake ampe. Je, wewe wako unao bado?"

Garama alitazama mikono yake. "Ninao. Sijaugusa."

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, yeye na Bi Twaiba walifika Tiwi. Bi Twaiba alitandika mkeka stoo katikati ya maboksi, akamketisha Dama, ambaye hakubisha, akawasha chetezo. Moshi wa udi haukupanda. Ulilala sakafuni, ukatambaa, ukajikusanya kwenye magoti ya Dama. Bi Twaiba alisoma kimya kimya, kisha akauliza kwa sauti.

"Wewe uliye juu ya mama huyu, umetoka wapi?"

Kinywa cha Dama hakikufunguka. Jibu lilitoka kwenye maboksi, kila boksi neno lake. "Juu. Walipopanda. Mizizi ilinishika."

"Unataka nini?"

"Nimeshapewa."

Bi Twaiba alimgeukia Garama, jasho linamtiririka ingawa chumba kilikuwa barafu. "Haya, baba. Mwambie mkeo. Usiache kitu."

Garama akaanza kusema. Alisema jinsi askari alivyomwambia kwenye simu aje na mtu, naye akaenda peke yake. Alisema lile lori lilikuwa limebeba unga wa mahindi, magunia yakapasuka, na walipofunua shuka Thoya alikuwa mweupe kichwani kote kama mzee, kama mtu aliyeishi maisha yake yote, na yeye, baba yake, hakujua la kufanya, akaanza kuupangusa ule unga kwenye nywele, akapangusa, mhudumu akimwambia yatosha mzee, akapangusa mpaka nywele zikawa nyeusi tena na mwanawe akawa kijana, na hapo ndipo alipoona upande wa pili wa kichwa, na akaufunika kwa kiganja chake, kwa sababu chumba kile kilikuwa na baridi na hakutaka—

"Baba."

Ilikuwa nyuma ya sikio lake. Ilikuwa karibu hivyo.

"Baba, nyamaza. Mama amepumzika. Mbona unamuumiza?"

Garama aliuma meno.

"Baba, nina baridi. Nitakwenda wapi mimi? Usinitoe, baba. Utanisikia wapi tena?"

"Mjibu!" Bi Twaiba alinong'ona, amemshika bega. "Mjibu wewe, mwenye mtoto, la sivyo hatoki!"

"Nimjibuje, Bi?"

"Mkatae."

Sauti ilikuwa inalia sasa, kilio cha Thoya cha utotoni, alipoungua mguu kwa chai, na Dama aliketi pale anatazama mbele, uso mtupu kama sahani iliyooshwa. Garama alimtazama uso ule. Kisha akafungua kinywa.

"Wewe si mwanangu," alisema. "Sikujui. Ondoka."

Chupa zilipasuka zote pamoja. Mvinyo ulitoka chini ya maboksi ukaenea sakafuni, ukalowanisha mkeka, ukapita mlangoni kuelekea juani, na joto la Februari likaingia mara moja kama mtu aliyekuwa amezuiliwa nje. Dama aliinua mikono kichwani.

"Thoya!" alipiga ukelele. "Thoya wangu! Mwanangu mimi!"

Alilia siku nyingi. Mapenzi na wanawake wa jirani walikuja wakakaa naye kama matanga mapya. Samuel aliambiwa chupa zimepasuliwa na joto, akalaani jua la pwani. Dama alirudisha picha ukutani, akaanza kula, akaanza kugombana na wauza nazi. Alipomuuliza mumewe, "Siku ile nilisikia kama mtu analia, alikuwa nani?" Garama alijibu kuwa ni yeye Dama mwenyewe. Hakumwambia zaidi ya hapo.

Jioni moja walikuwa barazani wanakula sima na mchicha. Dama alicheka ghafla, machozi yanamtoka.

"Unakumbuka yule kobe? Thoya alipomleta nyumbani, akampa jina la mwalimu wake?"

"Nakumbuka," alisema Garama.

"Akimfunga kamba, anamtembeza mpaka kisimani! Hivi mwishowe kobe yule aliishia wapi vile?"

Garama alimega tonge. "Tulimwachilia msituni."

Dama aliacha kutafuna. Kicheko kilimwisha usoni kidogo kidogo.

"Baba Thoya," alisema kwa sauti ndogo, "kobe alikufa. Wewe ndiye uliyemchimbia shimo. Thoya alikulilia mgongoni mpaka akalala."

"Kweli," alisema Garama. "Ndivyo."

Akachovya tonge katika mchicha, akala, akanywa maji. Dama alikuwa bado anamtazama. Naye aliona kwamba mwanamke huyu ana huzuni kubwa kwa huyo Thoya wake, na akamsogezea sahani, kwa adabu, ajiongeze.