Bakuli la Tatu

"Mama Mboje, chai hii umeipika au umeitisha tu kwa moto?"

Sauti ilitoka kwenye kidude cha fedha kilichobandikwa shingoni mwa Lugembe, lakini utani ulikuwa wake mwenyewe. Midomo yake haikucheza. Ugonjwa ulipoanza kula neva za koo lake, miaka mingi nyuma, madaktari walimwekea kinenea, chombo kinachosikiliza neva zinapotetemeka na kugeuza mtetemo huo kuwa maneno. Kinenea kilijifunza kwake polepole, kikajua anavyocheka, anavyosita na anavyokasirika. Sasa neva zilikuwa karibu zote zimekufa. Ulibaki mnong'ono hafifu ambao chombo kingine chochote kisingeuelewa. Hiki kiliuelewa kwa sababu kilimkumbuka alivyokuwa.

"Kunywa, baba. Ndiyo maana mdomo huo ulifungwa," akasema Nyamizi, mkewe.

"Ukafunguka shingoni! Utanikomea wapi?"

Wakacheka. Ndipo ukutani ikasikika sauti ya Mratibu, akili unde inayoendesha jiji la Tabora. Ilitangaza kwamba mawimbi yanayolisha umeme vyombo vyote vya jiji yatabadilishwa kabla ya masika. Chombo kisichojua kuitikia mwito mpya wa mawimbi hayo kitazimika.

"Mratibu," Nyamizi akauliza, "utakiandikia kinenea cha mume wangu programu ya kuitikia?"

"Sheria inanikataza kugusa chombo cha mwili ambacho kiwanda chake kimekufa, Mhandisi. Nakushauri utafute kipya."

"Kipya kitajifunza kwa koo gani?"

Mratibu akarudia tangazo lake.

Nyamizi alikuwa amejenga madaraja ya reli kwa kuamrisha roboti kwa mdomo. Yeye husema, mashine huandika. Hakuwahi kuandika hata amri moja kwa mkono wake. Na kinenea, cha zamani kile, kilielewa lugha moja tu: asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine, ambayo watu walikuwa wameiacha.

Alimpata Kalunde, mwalimu mstaafu aliyekuwa bado akiifundisha kwenye ukumbi nyuma ya stesheni. Mezani hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na mabakuli manne na mfuko wa choroko.

"Haya ndiyo marejista," akasema Kalunde. "Mashine haina akili, mama. Ina mabakuli machache tu, na inajua kuhamisha, kujumlisha, kulinganisha na kuruka kwenda amri nyingine. Anayeanza asikimbilie kuandika. Awe mashine kwanza. Haya, soma amri, mkono ufuate."

Nyamizi alisoma, mkono ukafuata. Alihitaji bakuli la kuhesabia, akalimwaga la tatu.

"Wee! Hizo choroko ni za nani?" Kalunde akampiga kikofi mkononi. "Bakuli si lako, umeliazima. Weka pembeni kilichomo, tumia, kisha rudisha kama ulivyokikuta."

Darasa zima likacheka, na Nyamizi naye akacheka.

Masika yakakaribia. Alijifunza kuhesabu, kisha kurudia, kisha kupokea mawimbi. Mwishowe aliandika programu fupi ya kuitikia mwito, akaipeleka kwa Kalunde.

"Niachie niisome polepole," Kalunde akasema. "Umejua kujumlisha juzi tu, leo unataka kuingia kooni mwa mtu?"

"Mawimbi yanabadilishwa leo mchana, Mwalimu."

Kunakili kumbukumbu za kinenea hakukuwezekana. Kiwanda kilikuwa kimeifunga njia hiyo. Nyumbani, Nyamizi alikaa mbele ya mumewe na waya mkononi, asiunganishe.

"Weka," Lugembe akasema. "Kama ni kunyamaza, bora ninyamazishwe na mkono wako kuliko na tangazo la ukutani."

Akaweka.

Kinenea kilizimika, kikawaka. Taa yake ikawa ya kijani. Mwito mpya ulikuwa umeitikiwa. Nyamizi akapiga makofi kama msichana.

"Karibu," kikasema, kwa sauti laini isiyo ya mtu yeyote. "Mimi ni kinenea chako. Tafadhali sema neno la kwanza."

Lugembe akamtazama mkewe. Koo likatetemeka kidogo.

"Sijasikia. Tafadhali sema neno la kwanza."

Nyamizi aliivuta programu yake, akaipitia amri moja moja kwa kidole, mpaka kidole kikasimama. Alikuwa amehesabu mapigo ya mwito katika rejista ya tatu. Hakuweka pembeni kilichokuwemo. Na humo ndimo kinenea kilimokuwa kimetunza anwani ya mahali kumbukumbu za Lugembe zilipoanzia. Kilipoamka kiliikosa anwani, kikajiona kipya, kikafuta kila kitu ili kianze kujifunza.

"Baba Mboje," akasema, "nimekumwaga."

Lugembe aliinua mkono, akamfuta machozi kwa kidole gumba. Kisha akafumba macho, mishipa ya shingo ikamtoka, akajaribu tena.

"Sijasikia."

Programu ya Nyamizi ilifanya kazi barabara. Umeme ulikuwa ukiingia bila kukatika, jana ya maisha yao ikiwa imekwishafutwa, na kinenea kikaendelea kumwomba mume wake, kwa upole na bila kuchoka, aseme neno la kwanza.