Barakoa Isiyomkaa Dada

Jumapili asubuhi Dokta alifika kwa dada yake amebeba sanduku la plastiki, uso umemjaa tabasamu.

Huyu Dokta hatibu watu. Ni daktari wa kusoma, mtafiti wa chuo kikuu. Jina hilo alipewa na dada yake siku alipomaliza masomo, nusu kwa fahari, nusu kwa utani, na mtaa mzima ukalidaka. Dada mwenyewe aliacha shule darasa la pili ili amlee yeye, wakati mama yao alipougua. Tangu ujana wake anafanya kazi kiwanda cha unga, katika chumba cha kuchekecha. Humo vumbi la unga huruka kutwa nzima. Akirudi nyumbani hukohoa mpaka machozi yanamtoka.

"Dada, nimekuletea dawa ya kikohozi," Dokta alisema. "Hii si ya kunywa. Ni ya kuvaa."

Akatoa barakoa nyeupe. Alikuwa ameipima mwaka mzima pale kiwandani. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Baada ya hapo kiwanda kingenunua barakoa za namna ile kwa wafanyakazi wote.

"Haya, nivalishe, Dokta wangu," Dada alisema, akivuta kiti.

Dokta akamvalisha barakoa, kamba zake zikipita juu ya kitambaa chake cha kichwa. Kisha akamfunika kichwa kwa kofia pana ya plastiki angavu, yenye tundu dogo mbele.

"Nitapuliza humu mvuke mtamu. Hauna madhara. Barakoa ikikukaa vizuri, hutasikia ladha yoyote. Ukisikia utamu, ujue hewa inapenya pembeni, na vumbi nalo litapenya hapo hapo. Sasa soma karatasi hii kwa sauti, ili mdomo ucheze."

Dada aliitazama karatasi, akamtazama yeye. "Mdogo wangu, si unanijua?"

Dokta alijikuna shingo. "Basi hesabu tu. Moja mpaka hamsini."

"Moja, mbili, tatu, nne..." Dada akasita. "Mbona tamu?"

"Haijakaa sawa." Dokta akazikaza kamba.

"Moja, mbili... Tamu, bwana! Kama nimelamba sukari."

"Ni hicho kitambaa chako. Kinalegeza kamba. Ndiyo maana nyinyi wa kuchekecha tuliwaacha nje ya..."

Akanyamaza, lakini maneno yalikuwa yameshamtoka. Dada aliivua kofia taratibu.

"Mlituacha nje ya nini?"

"Ya vipimo."

"Tuko wanawake sitini na wawili mle ndani, Dokta. Unadhani kitambaa hiki navaa kwa urembo? Kiwanda ndicho kinachotulazimisha, nywele zisiingie kwenye unga. Ukikivua unarudishwa nyumbani." Kikohozi kikamshika, akangoja kipite. "Sasa mlimpima nani?"

"Wapakiaji. Wanaume arobaini."

"Wale wanaofanya kazi nje, kwenye upepo," Dada alisema.

Wala hakupaza sauti. Dokta aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Chai aliyomiminiwa iliganda utando mbele yake, na yeye alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kulikuwa na jambo jingine lililomuumiza zaidi. Miezi sita nyuma, fundi wa maabara, mama mmoja wanayemwita Mama Vipimo, alisimama mkutanoni akauliza kwa nini wanawake hawapimwi. Dokta akamjibu mbele ya watu, "Mama, wewe pima. Kufikiri tuachie sisi." Watu wakacheka. Na yeye, aliyelelewa na mwanamke wa kuchekecha, alicheka pamoja nao.

Jumatatu alimkuta Mama Vipimo anaosha zile kofia za plastiki kwenye sinki.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Ulisema kweli."

Mama Vipimo hakuacha kuosha. "Uliniaibisha mbele ya watu kumi na wawili, Daktari. Radhi unaniletea tukiwa wawili."

"Nitaisema mbele yao."

"Haya. Vuta kiti basi." Akajifuta mikono. "Umeandika kwamba barakoa hii inawafaa wafanyakazi wa kiwanda. Wafanyakazi gani? Umepima kundi moja, ukawasemea wote. Nyuso za watu hazifanani. Kuna nyembamba na pana. Kuna mzee aliyeng'oka meno, mashavu yameingia ndani. Kuna mwenye ndevu, kuna mwenye kovu."

"Na ile karatasi ya kusoma," Dokta alisema kwa sauti ndogo. "Niliwaondoa wasiojua kusoma."

"Kwani asiyejua kusoma hapumui?"

Dokta alitoa kalamu, akaanza kuandika.

"Tena uliwaita saa nne asubuhi, mashine zinanguruma," Mama Vipimo aliendelea. "Nani ataacha mashine aje kwako? Waulize wenyewe wana nafasi saa ngapi, na mtu asikatwe mshahara kwa kupimwa. Kisha waweke mezani tangu tunapopanga kazi, siyo tunapomaliza. Anayelivuta lile vumbi kila siku anajua mambo ambayo mimi na wewe hatuyajui."

"Lakini ripoti ni Ijumaa, Mama."

"Ikichelewa, utaaibika wewe. Isipochelewa, watakohoa wao. Chagua."

Dokta alichagua. Siku ya mkutano alisimama. Akataja kosa lake, akamwomba radhi Mama Vipimo mbele ya wale wale kumi na wawili. Safari hii hakuna aliyecheka. Mkuu wa idara alikunja uso, akampa miezi miwili.

Kisha akaenda kiwandani, katika chumba cha kuchekecha, zamu zilipokuwa zinabadilishana na mashine zimezimwa. Akasema, "Niliwaacha nje. Sikuwauliza. Nilikosea."

"Kumbe ulidhani sisi hatuna pua!" mwanamke mmoja alidakia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Dokta alisimama pale pale, jasho linamtoka, akakubali kuchekwa.

Wakaanza upya. Mama Vipimo aliongoza vipimo. Dada aliwapanga wenzake kwa zamu. Badala ya kusoma, kila mtu alihesabu kwa sauti. Kwa barakoa ile ya kwanza, wanawake arobaini na saba kati ya sitini na wawili walisikia utamu. Dokta aliiandika namba hiyo kwa mkono mzito.

Dada ndiye aliyeonyesha njia. "Pitisheni kamba chini ya kitambaa, siyo juu yake. Na mtutafutie saizi ndogo." Walipofanya hivyo, waliosikia utamu walibaki watano. Hao watano walitafutiwa barakoa za aina nyingine. Kiwanda kikanunua saizi tatu.

Miezi minne baadaye, Dokta alikuja tena Jumapili, mkononi ana ripoti. Dada alikuwa ameanza masomo ya watu wazima, na daftari lake lilikuwa mezani.

"Hebu lete," alisema.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina ya waliofanya utafiti. La Mama Vipimo lilikuwa la kwanza. La Dada lilikuwa la tatu. Alilisoma bila kukosea, akatikisa kichwa, akafunua ukurasa. Kidole chake kikafika kwenye mstari mmoja. Alisoma silabi kwa silabi.

"Mwa-nzo-ni ha-tu-ku-wa-pi-ma wa-na-wa-ke. Ko-sa li-li-ku-wa la-ngu." Akainua macho. "Si ungelifuta tu, mdogo wangu? Nani angejua?"

"Nililifuta mara mbili," Dokta alisema, akiangalia sakafu. "Nikalirudisha mara mbili."

Dada akaurudisha mkono wake kwenye mstari ule, akausoma tena kwa sauti kubwa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hakukohoa hata mara moja.