Ushuhuda wa Atuganile

Kila sekunde Msomavyote, programu ya jiji, alisoma kurasa milioni nne za mtandao, na katika kila ukurasa alichuma hakika: nani anaishi wapi, nani kazaliwa, nani anaumwa nini. Hakika iliyorudiwa na wengi ilipanda uzito. Ikishafika tisini na tano kwa mia, mashine zote za jiji la Mbeya ziliifuata. Mhandisi Subilaga ndiye aliyemfundisha kusoma, tangu hakika ya kwanza kabisa, kwamba mvua hulowesha.

Sasa Subilaga alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha dada yake, Atuganile, aliyekuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima. Kwa siku ya tatu kigawadawa cha mtaa kilikuwa kimemnyima insulini. Hospitali nayo ilimrudisha. Kila kioo cha mashine kiliandika jambo lilelile: Amepona. Uhakika, tisini na nane.

"Uliandika nini, dada?"

"Ushuhuda. Kwamba nimepona kisukari kwa damu ya Yesu."

"Ulikuwa umepona?"

"Subi, imani haingoji vipimo. Unakiri kwanza. Kanisa zima liliitikia amina, wakausambaza mpaka Kyela."

Subilaga alielewa. Yeye mwenyewe alikiri hivyo kila Jumapili. Lakini hakuwahi kumfundisha Msomavyote kwamba mtu huweza kusema jambo limetimia huku bado analiomba.

"Si mwanao huyo Msomavyote?" Atuganile akatabasamu kwa taabu. "Mwambie."

"Wasahihishaji wake tuliondolewa mwaka jana. Ila kauli ya mtu juu ya mwili wake ina uzito kuliko zote. Andika kwamba bado unaumwa. Sentensi moja tu."

"Nimkane Mungu mbele ya watu?"

"Nakuomba, dada."

Atuganile alisali kwa muda mrefu. Kisha akaandika: Mimi Atuganile sijapona. Akafunika uso kwa mtandio.

Jibu lilikuja hapohapo. Msomavyote alikuwa amesoma maelfu ya mahubiri yanayosema kwamba aliyeponywa hujiwa na mashaka, na kwamba mashaka hayo yasiaminiwe. Akaandika: Mashaka ya aliyepona. Uhakika, tisini na tisa.

"Anasemaje?"

Subilaga akamgeuzia kioo. Atuganile alisoma, akasoma tena.

"Basi nimemkana bure," akasema.

Wakashikana mikono kama walivyozoea kabla ya kuomba, lakini hakuna aliyeanza.