Mkono Uliofunga Koki

Vazi la kuzamia lilikuwa limelazwa sakafuni, limechanwa kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kando yake kulikuwa na chombo cha kupumulia chini ya maji ambacho mipira yake yote ya hewa ilikuwa imekatwa. Mtu angeingia ghafla katika stoo ile, angedhani kuna aliyeuawa.

Inspekta alichuchumaa bila kugusa chochote. Alikuwa mwanamke asiyeweza kutulia mahali pamoja. Hata akiwa amechuchumaa, kisigino chake kilikuwa kikigonga saruji.

"Nani aligundua?"

"Mimi," alijibu mwenye nyumba, fundi wa majokofu. Alikuwa akienda mlangoni na kurudi, simu mkononi. "Kesho tunasafiri, Inspekta. Viza zimetoka, mashua tumeikodi. Na aliyefanya unyama huu yumo humu humu ndani. Anachemsha chai."

"Nani anachemsha chai?"

"Mke wangu."

Inspekta aliinuka, akautazama ukuta. Ulikuwa umejaa mipango ya safari. Kulikuwa na ramani ya bahari ya ng'ambo, mchoro wa meli ya mizigo iliyozama zamani, na jedwali la saa ambazo mkondo wa maji hutulia. Mstari mwekundu uliingia ubavuni mwa meli na kuishia katika chumba cha injini.

"Mnakwenda na kampuni gani?"

"Hatuna kampuni. Nimepanga kila kitu mwenyewe, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ni mwalimu wa kuogelea, anaishi hapa kwetu. Kampuni hukuzungusha nje ya meli ukapiga picha, basi. Mimi nataka kuingia ndani."

"Maji yana baridi kiasi gani?"

"Kama ya kwenye jokofu."

Koplo, aliyekuwa akipiga picha eneo la tukio, aliguna. "Wengine tukinyeshewa tu tunaomba ruhusa kazini."

"Fanya kazi, Koplo," alisema Inspekta, lakini alitabasamu.

Mlango wa stoo haukuwa umevunjwa. Ufunguo wake ulitundikwa jikoni, ambako kila mtu wa nyumba ile aliupata. Mtaalamu wa alama za vidole alitikisa kichwa: alama za wote watatu zilikuwa zimetapakaa kila mahali, hivyo hazikuthibitisha lolote.

Inspekta alikwenda jikoni. Mke wa fundi alikuwa akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mumeo anasema ulimwambia kwamba utalichoma moto vazi lake. Ni kweli?"

"Nilimwambia. Wifi zangu walikuwapo, waulize."

"Kwa nini?"

"Inspekta, mtu huyu anashinda kwenye majokofu kutwa nzima. Nikamwuliza, baridi ya kazini haikutoshi mpaka uifuate ng'ambo? Akacheka. Nikamwuliza tena, ukikwama ndani ya hilo chuma, nani atakutoa? Akasema, shemeji. Mdogo wangu mimi!"

"Jana usiku uliingia stoo?"

"Sikuingia. Ningetaka kuliharibu ningelichoma, kama nilivyosema. Sina tabia ya kunyatia."

"Umemsikia?" sauti ya fundi ilitoka ukumbini. "Kiburi hicho."

"Bwana, nilikuomba usubiri nje."

Mke aliiweka sufuria chini taratibu. "Amewapigia simu polisi waje kunikamata, mimi mke wake. Sawa. Mkinitoa humu kwa kosa nisilolitenda, sitarudi tena kwake. Nitakwenda kwetu, na hiyo meli imtunze."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na Inspekta alielewa kwamba hayo hayakuwa maneno ya hasira. Angemkamata mtu asiye na hatia, nyumba hiyo ingevunjika kabla ya jioni.

Alirudi stoo, akavaa glovu na kukiinua chombo cha kupumulia.

"Jana ulikiachaje?" alimwuliza fundi.

"Nilikifunga kwenye mtungi ili nikijaribu. Nikakiacha hapo hapo, koki imefunguliwa, mipira imejaa hewa."

"Je, mtu akikata mpira uliojaa hewa?"

"Utalia kama filimbi ya treni na kumchapa usoni. Mtaa mzima ungeamka."

"Wewe uliamka?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hewa ilitolewa, na chombo kikatolewa mtungini kwanza. Na hiki ni nini?" Alionyesha kifuniko kidogo kilichokazwa juu ya mdomo wa shaba, mahali ambapo chombo huungana na mtungi.

"Kifuniko cha vumbi. Lazima ukikaushe na kukirudisha kila unapokitoa chombo mtungini. Unyevu ukiingia humo, ukifika kwenye maji ya baridi utaganda, na hewa itakuponyoka yote."

"Aliyekuja kukiharibu ana haja gani ya kukilinda na unyevu?"

Fundi aliacha kutembea.

"Waite wote," Inspekta alimwambia Koplo.

Walisimama wakiizunguka meza. Mwalimu wa kuogelea alikuwa mwanamume mwenye mabega mapana na macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi. Chombo chake mwenyewe, ambacho hakikuguswa, kilikuwa kimeunganishwa na mtungi na kujazwa hewa.

"Mama, kitoe hiki kwenye mtungi," alisema Inspekta.

Mke wa fundi alikamata kirungu cha kukazia chombo mtungini, akakisokota kwa mikono miwili. Hakikujongea. Akajaribu upande wa pili, akisaga meno.

"Dude hili limegoma," alisema, akijifuta mikono kwenye kanga.

"Asante. Mwalimu, nawe jaribu."

Mwalimu hakufikiri. Alifunga koki, akabonyeza kitufe cha sehemu inayotiwa mdomoni, hewa ikatoka kwa mluzi hadi ikaisha. Akakilegeza kirungu, ambacho sasa hakikubanwa na hewa, kwa vidole viwili. Kisha akakipuliza kifuniko, akakifuta kwa upindo wa shati na kukikaza juu ya mdomo wa shaba.

Mkono wake ukabaki pale pale.

"Ndivyo ulivyofanya jana?" aliuliza Inspekta.

"Mwalimu?" Fundi alimgeukia. "Shemeji, sema kitu."

"Ndiyo," alisema mwalimu. "Dada hana kosa. Ni mimi."

"Ulitumia nini?"

"Kisu changu cha kuzamia. Kimo begini."

"Lakini safari ni yenu wawili," alisema Inspekta. "Kama ulitaka kujitoa, ungejitoa. Au ungeharibu vyako."

"Nilijaribu kujitoa. Akasema nikibaki, atakwenda peke yake. Vyangu vikiharibika, ni yale yale. Ilibidi viwe vyake. Inspekta, kazini kwake kuna tangi. Alilijaza maji na barafu ili tujizoeze. Tukiwa chini, chombo changu kikaganda, hewa ikafumka yote. Nilijua la kufanya, maana kazi yangu ni kuwafundisha wengine. Lakini akili ilinitoka. Nilimnyang'anya chake mdomoni na kumkaba shingo. Yeye akipiga mateke, mimi nambana."

"Mlitokaje?"

"Tangi si refu kwenda chini. Miguu yangu iligusa sakafu, ndipo nikapata akili na kusimama naye. Katika ile meli hakuna pa kusimama." Alijifuta uso kwa kiganja. "Siogopi kufa, Inspekta. Niliogopa kurudi peke yangu, nimwambie dada kwamba mumewe nimemuua kwa mikono yangu."

Mke wa fundi alikuwa ameushika ukingo wa meza. "Tangi gani? Lini?"

"Tulikubaliana usisikie," mumewe alisema, akitazama ramani. "Ilikuwa ajali tu. Angezoea."

"Ni kweli ulimwambia utakwenda peke yako?" aliuliza Inspekta.

"Nilisema ili asilegee."

"Ungekwenda?"

Simu ya fundi ililia. Ilikuwa namba ya ng'ambo, ya mwenye mashua. Kidole chake kilielekea kwenye kitufe.

"Mjibu Inspekta kwanza," alisema mkewe.

Simu iliendelea kulia mkononi mwake. "Ningekwenda," alisema kwa sauti ndogo.

Kisha akapokea, akaongea kwa lugha ya kigeni. Maneno hayakuwa mengi. Alipokata, mabega yalikuwa yamemshuka.

"Nimemwambia hatuji."

"Kosa ni kuharibu mali kwa makusudi," alisema Inspekta. "Mlalamikaji ni wewe, bwana. Nimchukue?"

Fundi alitikisa kichwa. "Andika kwamba sina malalamiko."

"Mimi ninayo," alisema mkewe. Alivuta kiti, akaketi mbele ya Koplo na kukunjua mikono yake mezani. "Yupo mmoja aliyetaka nifungwe, na mwingine aliyekaa kimya tangu asubuhi akisikia natukanwa. Wote wawili walikuwa wakinificha habari ya tangi. Andika, mwanangu. Nitasema polepole."

Inspekta alimwashiria Koplo afungue ukurasa mpya.