Nyuzi za Pacha Aliyebaki

Kila alasiri, nyumbani kwao Gongo la Mboto, Somoe alimsuka mwanawe bila kumtazama usoni. Alimkalisha Najat mbele yake, kisogo kikiwa kwake, akamsokota nywele mbilimbili. Akimaliza alisema, "Haya, kacheze." Najat akigeuka, mama naye alikuwa ameshageukia sufuria.

Si kwamba hakumpenda. Uso ule ndio uliomtisha. Ulikuwa uso wa Najma, pacha wa Najat, aliyefariki kwa homa mwaka uliopita. Macho yale yale. Kishimo kile kile shavuni. Hata kicheko kilikuwa cha marehemu.

Jioni moja Somoe alisikia mazungumzo chumbani. Akachungulia. Najat, ndani ya gauni lake la mtumba, alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kabati. Kiganja chake kimegusa kiganja cha yule wa ndani.

"Unaongea na nani?"

"Na Najma. Anasema huko kuna baridi."

Somoe alimvuta mtoto, akamtoa chumbani.

Kesho yake Najat aliamka anatetemeka. Kufika adhuhuri alikuwa wa moto kama kaa. "Mama, baridi," alisema.

Bi Chausiku, mama mkwe wa Somoe, alikuwa ameketi mlangoni na tasbihi yake.

"Si nilikwambia, mwanangu? Pacha ni mtu mmoja. Mmoja akitangulia, humrudia mwenzie. Tumwite fundi amfunge hirizi."

"Mkingoja hirizi na homa hii, mtamzika!" sauti ilitoka uani. Alikuwa Mwalimu Felicitas, mpangaji wao kutoka Bukoba, anayefundisha biolojia sekondari. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiyo salamu za kwenu, kuanza na maziko?"

"Nisamehe, Bibi, nimeogopa. Dada Somoe, Najma mlimpeleka hospitali?"

Somoe aliinamisha kichwa. "Tulisema ni upepo mbaya. Tukangoja."

"Basi huyu hatungoji."

Somoe alimbeba mtoto mgongoni kwa kanga. Mwalimu akatangulia, Bi Chausiku akafuata nyuma, ananung'unika.

Kwenye zahanati Najat alitobolewa kidole, damu ikapelekwa kupimwa. Wakakaa kwenye benchi kungoja. Wingu la mvua lilitanda, ukumbi ukaingia giza. Ghafla Najat aliinua kichwa. Alikitazama kioo cha dirisha, akatabasamu.

"Nakuja, Najma."

Somoe akasimama na mtoto mikononi. "Twendeni nyumbani! Ametufuata. Yumo humu!"

Mwalimu alimshika mkono. "Ni sura yake mwenyewe kwenye kioo. Homa ndiyo inayomsemesha. Ukiondoka sasa, dawa hatapata."

"Kama si mtu mmoja, mbona wanafanana hivi?" Somoe aliuliza.

"Kaa, nikueleze."

Somoe alikaa ukingoni mwa benchi, tayari kukimbia. Mwalimu akashika msokoto mmoja wa nywele za Najat.

"Tazama, nyuzi mbili zimejisokota. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo mno, macho hayavioni. Vinaitwa seli. Karibu kila seli ina nyuzi zilizosokotwa hivi. Wataalamu huziita DNA. Humo mna maagizo: macho yaweje, kishimo kikae wapi."

"Nyuzi fupi hivyo zibebe yote hayo?" Bi Chausiku alibeza.

"Si fupi, Bibi. Za seli moja ukiziunganisha na kuzinyoosha, zinafika urefu wa mlango ule. Ila zimeviringishwa kwenye vidonge vidogo vya protini, kama uzi wa cherehani. Kisha zikakunjwa tena na tena mpaka zikaenea ndani ya seli."

"Muongo huyu," alisema Bi Chausiku, lakini akasogea karibu.

Mwalimu aliufumua msokoto. "Seli ikitaka kuwa mbili, nyuzi huachana hivi. Kila uzi huundiwa mwenzake mpya. Fikirini miaa ya rangi, ile ya kusukia mikeka. Nyekundu inashikana na njano tu, kijani na nyeupe tu. Ukiona upande mmoja, unajua wa pili uweje. Mwishowe unapata misokoto miwili inayofanana. Najma na Najat walianza kama yai moja tumboni mwako. Likagawanyika, kila mmoja akapata nakala yake. Ndiyo maana sura ni moja. Lakini ni mioyo miwili, dada. Pumzi mbili."

"Na homa?"

"Malaria haimo kwenye nyuzi hizo. Inaletwa na mbu. Mbu hajui nani pacha wa nani."

"Hilo kweli," alisema Bi Chausiku. "Hata mie kikongwe hanisazi."

Mlango ulifunguka. "Ni malaria, na ni kali," mganga wa zahanati alisema. "Mmemuwahi. Mleteni aanze dawa."

*Mmemuwahi.* Somoe alimgeuza Najat, akamtazama usoni. Alitazama sana, machozi yakimdondoka. Kisha akaingia naye ndani.

Najat alipona. Bi Chausiku mwenyewe alidai chandarua, akakichomeka kila jioni chini ya godoro. Mtoto akipata joto kidogo tu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta viatu wampeleke zahanati.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Najat alikuja mbio, ngumi kaifumba.

"Mama! Jino limeng'oka!"

Somoe alimshika kidevu. Pale mbele palikuwa na pengo jekundu, ulimi ukichungulia. Najma alizikwa na meno yake yote ya utoto. Uso huu hakuwahi kuwa nao.

"Cheka tena," Somoe alisema. "Cheka nikuone."